Simu Imefunzwa Kuuliza, Haijafunzwa Kusikiliza

Ilikuwa saa nne asubuhi katika boma moja la Uriri, kaunti ya Migori, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mhudumu wa afya ya jamii aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, simu ya serikali mkono mmoja, kiganja cha mkono wa pili akikifanya mwavuli ili aione skrini. Mbele yake binti wa miaka kama ishirini alikuwa amempakata mtoto wa miezi minane. Pembeni, kwenye mkeka, nyanya mtu alikuwa akichambua omena.

Simu iliuliza. Mtoto anaharisha? Ndiyo. Siku ngapi? Mbili. Kuna damu? Hakuna. Ananyonya? Kidogo. Kila jibu lilibonyezwa, skrini ikasogea, na mwisho ikatoa agizo: maji ya ORS na vidonge vya zinki. Hapo ndipo nyanya alipoinua macho.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "huyu anaota meno. Mtoto anayeota meno lazima aendeshe. Sasa ukimzidishia maji, si ndiyo unamwongezea ya kutoka?"

Simu haikuwa na kitufe cha meno.

Mhudumu akaiweka mapajani, kifudifudi. Akanyoosha mkono hadi kwenye kapu lililokuwa mlangoni, akachomoa jani la sukuma wiki lililonyauka tangu jana, akampa nyanya. "Dani, hili limepatwa na nini?" Limekauka, nyanya akajibu. "Na ukitaka lirudi uzima upike jioni, unalifanyaje?" Nyanya akacheka kabla ya kujibu, maana mtego alikwisha kuuona: unaliloweka. Mhudumu akafunua tumbo la mtoto, akaifinya ngozi taratibu kwa vidole viwili na kuiachia, akawaonyesha la kutazama: ikirudi mara moja, maji bado yapo mwilini, ikikawia, msingoje jioni, mkimbizeni zahanati. Akaeleza pia kwamba meno na kuharisha hukutanishwa na umri tu, kwa kuwa miezi ileile jino linapochomoza ndiyo mtoto anapoanza kutambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Dakika kumi zilikwenda hivyo. Alipoigeuza simu, skrini ilikuwa imezima, ikambidi aingize nambari ya siri upya na kutafuta alipokuwa amefikia.

Zile dakika kumi sijaacha kuzifikiria. Kwenye mtambo, boma lile limehesabiwa kuwa limetembelewa, mtoto mmoja ameharisha, dawa imetolewa. Somo la jani la sukuma halina safu yake.

Simu ile ilikuja ndani ya mkoba ambao Wakenya wengi waliuona kwenye televisheni tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alipozindua vifaa vya wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Ndani mna kipima presha, kipima sukari, mizani, kipimajoto, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na simu yenye programu ya kuandikisha kila kinachoonekana nyumbani kwa watu. Kila mhudumu hupewa nyumba kama mia moja. Malipo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti, na mwenye kutaka kujua jinsi nusu hizo mbili zinavyopishana njiani, amuulize mhudumu yeyote mwezi ukifika tarehe 20.

Sina ugomvi na takwimu. Kipindupindu kinapozuka kwenye fuo za Nyatike, heri afisa wa kaunti ajue leo kuliko kusubiri daftari liletwe kwa bodaboda mwisho wa mwezi, kurasa zimeloa na hesabu zimejumlishwa kwa kukisia. Simu imetuondolea adha hiyo. Tena ile orodha ya maswali humlinda mgonjwa: mhudumu aliyechoka, aliyetembea boma la kumi na tano siku hiyo, hasahau kuuliza habari ya damu, kwa sababu skrini haimruhusu kusonga mbele bila jibu. Hilo ni jambo kubwa.

Ninacholalamikia ni hiki. Tuliambiwa teknolojia hii italeta elimu ya afya mpaka mlangoni. Tukitazama mwelekeo wa habari zenyewe, zinapanda: kutoka mwembeni kwenda makao makuu ya kaunti, kutoka huko kwenda Nairobi. Kinachoshuka ni kidogo. Ukaja mfumo wa bima mpya ya afya, SHA, Oktoba 2024, na wahudumu walewale wakatumwa nyumba kwa nyumba kusajili watu, hivi kwamba katika vijiji vingine simu ya afya ikawa simu ya usajili. Mama anayegongewa mlango kila wiki kwa maswali mapya, naye lake halijibiwi, atachoka. Wengine wameshachoka.

Na kama kuna watu waliohesabiwa hapa nchini, ni wa Homa Bay na Migori. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya Ukimwi, na asilimia 13 Migori, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Ripoti ya kitaifa ya afya na idadi ya watu ya 2022 ilisema asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kaunti hizi mbili walikuwa wameshapata ujauzito au kuzaa. Kenya nzima ilikuwa 15. Nambari hizi kila mradi huzinukuu ukurasa wa kwanza ukiomba fedha. Mtoto wa Ndhiwa hukua akijua kwamba kwao kunasifika kwa asilimia.

Lakini Ndhiwa hiyohiyo ina habari nyingine. Mwaka wa 2012 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima watu huko na kukuta karibu mmoja kati ya wanne ana virusi. Liliporudi kupima 2018, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi kama asilimia 17, na wengi mno kati ya waliokuwa na virusi walikuwa wanameza dawa na virusi vimedhibitiwa. Hili halikuletwa na mashine ya kufundishia. Lililetwa na dawa zilizopatikana karibu, na watu waliokaa na wagonjwa wakawaeleza, kwa lugha yao, kwa nini kidonge kinamezwa hata siku unayojisikia mzima. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani nitamwambia kompyuta itatuokoa. Swali langu ni dogo kuliko hilo: kompyuta ikija, ikae wapi katika mazungumzo yale?

Jibu zuri kuliko yote niliyowahi kukutana nayo lilitoka kisiwani.

Mfangano iko ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay, mwendo wa boti kutoka Mbita. Ni kisiwa cha mlima. Nyumba zimeshikilia miteremko na kila jambo la maana huletwa na maji. Hapo wenyeji, wakishirikiana na shirika liitwalo Organic Health Response, walisimamisha kituo wakakiita Ekialo Kiona, maneno ya Kisuba yenye maana ya "dunia nzima". Ndani wakaweka kompyuta na intaneti, zikitumia umeme wa jua. Kwa kijana wa Mfangano wakati huo, kufungua barua pepe kulikuwa safari ya boti na nauli yake. Ekialo Kiona wakasema: tumia bure. Sharti ni moja, upime virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi sita.

Tazama ujanja wa jambo hilo. Kupima kulikuwa aibu. Ukionekana unaingia chumba cha kupimia, jioni ufuo mzima umejua, na kila mtu ameshakupa majibu yake. Lakini ukiingia Ekialo Kiona, unakwenda kuangalia Facebook, unakwenda kutafuta chuo, unakwenda kujifunza kuchapa. Kadi ya uanachama wa kituo ikafanya kupima kuwe jambo la kawaida kama kulipa ushuru wa kuegesha mashua. Mvuvi anaelewa chambo ni nini. Ila hapa samaki alikuwa amejua kuna ndoana, na alijua pia kwamba upande wa pili wa uzi kuna mshauri aliyemzoea, si kikaango.

Kuna watakaosema ni rushwa, kumpa mtu intaneti ili akubali kutolewa damu. Nimeipima hoja hiyo na haijanikaa. Serikali hutoa vyandarua kwa mama anayehudhuria kliniki ya wajawazito, na sijasikia mtu akiita chandarua rushwa. Kilicho na uzito kwangu ni swali la waliobaki nje: mwanamke anayeanika omena tangu alfajiri, mzee asiyejua kusoma, hao kompyuta haikuwaita. Radio ndiyo iliyowafikia. Kituo kilekile kilirusha matangazo ya EK FM, na kilirusha kwa Kisuba, lugha ambayo Abasuba wengi wameiacha kwa Dholuo kiasi kwamba vijana wengine waliisikia radioni vizuri kuliko nyumbani. Mtangazaji anazungumzia malaria, anapokea salamu, anarudi kwenye malaria. Mwanamke anaanika omena, anasikia.

Kisiwani humo pia kulifanyika jambo lisilohitaji umeme kabisa. Mtu aliyekuwa kwenye dawa aliombwa achague mwenyewe watu wake, ndugu, jirani, rafiki wa mtumbwini, wakae pamoja kwa vikao kadhaa, wajifunze ugonjwa na waahidiane kusaidiana. Wajaluo kundi la namna hiyo wanaliita kanyakla, yaani timu. Watafiti walipofuatilia, walikuta waliokuwa kwenye vikundi hivyo walipotea kliniki kwa kiwango cha kama nusu ya wengine. Ukiweka pamoja kompyuta, radio na kanyakla unapata shule kamili ya afya, na katika shule hiyo kompyuta ni mlango. Mwalimu amekaa ndani.

Nikiwasimulia watu habari ya Mfangano huniambia, hayo ni ya kisiwa kimoja, na ya fedha za wageni. Sawa. Basi tuchukue simu ya kawaida, ile ya vitufe, na neno moja la Kiswahili.

Kati ya 2007 na 2009, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado, watafiti waligawa wagonjwa 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi. Nusu walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine, kila wiki, walipokea ujumbe kutoka kwa muuguzi: "Mambo?" Basi. Hakuna "kumbuka kumeza dawa", hakuna neno Ukimwi, hakuna la kumfichua mtu simu ikishikwa na shemeji. Mgonjwa alikuwa na siku mbili za kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2010: waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 upande wa "Mambo?" na asilimia 50 upande wa pili, virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Kila nikikutana na mtu anayeuza apu ya afya yenye picha zinazocheza na rangi saba, huwa namsimulia neno hilo moja. Aliyelibuni alikuwa anawajua Wakenya. "Mambo?" haimchunguzi mtu. Ni salamu, na salamu kwetu ni deni, ukisalimiwa huna budi kuitika. Na nyuma ya salamu alikuwepo muuguzi mwenye muda wa kupiga simu, na muda huo ulikuwa umelipiwa.

Karibu na kwetu zaidi, Chulaimbo, njia ya kwenda Maseno, jaribio jingine lililochapishwa 2011 lilinivurugia hoja kidogo, na lazima niliseme. Huko ujumbe ulikuwa wa kukumbusha tu, haukungoja jibu, na bado waliokumbushwa mara moja kwa wiki walishinda: asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, dhidi ya 40 ya wasiotumiwa kitu. Kwa hiyo hata kengele isiyo na masikio inasaidia. Ila angalia kilichoshindwa. Waliotumiwa ujumbe kila siku hawakufanya vizuri zaidi ya wasiotumiwa; na kuongeza maneno ya nasaha kwenye ujumbe hakukuleta faida juu ya ule mfupi. Mwalimu mkongwe yeyote angewaambia hivyo bila utafiti. Ukimkumbusha mtoto kila saa, hakusikii. Ukimhutubia, analala.

Sasa niwageukie wanaofundisha. Elimu ya afya haiishii kwa mgonjwa. Muuguzi naye ni mwanafunzi. Mwaka wa 2005 Kenya ilikuwa na wauguzi wapatao 22,000 wa kiwango cha cheti waliotakiwa kupandishwa hadi stashahada, na madarasa ya vyuo yaliyokuwepo yasingeweza kuwamaliza hata kwa karne nzima. Shirika la afya la Amref, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture wakaanzisha masomo kwa kompyuta. Muuguzi alibaki kwenye kituo chake, akasoma usiku au siku ya mapumziko, akaenda kwenye kituo cha masomo kukutana na wenzake na mkufunzi, na mazoezi ya wodini akayafanya wodini. Ukitaka kujua maana ya hilo, fikiria zahanati ya mashambani Nyatike au Suba yenye muuguzi mmoja. Akienda chuoni miaka miwili, mlango unafungwa. Kompyuta ilimwezesha kusoma bila kijiji kukosa mkunga.

Nina jamaa aliyepitia masomo hayo. Aliniambia kitu kilichomwudhi mwanzoni ni kwamba hakuwahi kushika kipanya cha kompyuta. Wiki ya kwanza yote, yeye aliyekuwa amezalisha mamia ya watoto alikuwa anatetemeka mkono akitafuta mshale kwenye skrini, na kijana wa kituo, wa umri wa mwanawe, alikuwa anamwelekeza: "Mama, bonyeza kushoto." Alipomaliza alikuwa amejifunza kozi mbili, na ya pili haikuwa kwenye cheti. Kilichomvusha, anasema, ni yule kijana na kundi la wauguzi sita waliopanga kusoma pamoja Jumamosi. Mwenzao mmoja alisoma peke yake, hakumaliza.

Baadaye Amref walileta masomo ya wahudumu wa jamii kwa simu za kawaida, kwa ujumbe mfupi na kwa sauti, na wanafunzi wakaweza kuzungumza kwa makundi. Wazo hilo la sauti ni la thamani kuliko linavyothaminiwa. Wahudumu wengi wa kwetu ni wanawake wa makamo, wengine walitokana na nyamrerwa, wakunga wa jadi. Lwala, huko Kamagambo Kaskazini karibu na Rongo, ambako ndugu wawili madaktari, Milton na Fred Ochieng', walifungua kituo cha afya kijijini kwao mwaka wa 2007 baada ya kuwapoteza wazazi wao kwa Ukimwi, hawakuwafukuza nyamrerwa. Waliwafunza, wakawalipa, wakawafanya wahudumu wa jamii. Nyamrerwa anajua kusikiliza na kukumbuka; kazi ya sauti anaiweza. Ukimletea aya tatu za Kiingereza cha wizarani kwenye skrini ya inchi tano, umemfanya mjinga kwa makusudi.

Na hapa ndipo lugha inapotia mguu. Ukimwi ulipoingia Nyanza, wengi waliutazama kwa jicho la chira, ugonjwa wa kukonda unaompata mtu kwa kuvunja mwiko. Baadaye likazoeleka neno ayaki. Maneno haya mawili yanakaa nyumba moja mpaka leo: mama atakuambia wa kwanza alikufa kwa ayaki na wa pili kwa chira, dalili zikiwa zilezile. Mhudumu anayejua kazi yake hatafuti ugomvi na chira. Huuliza: huyo wa chira alipimwa? Basi tumpime aliyebaki, ikiwa ni chira haitaonekana kwenye damu. Hilo ni somo la hali ya juu, na sijaona programu yenye kulifundisha, si kwa Dholuo, si kwa Kikuria cha Kehancha, si kwa Kisuba.

Vijana nao wameshatuacha nyuma. Msichana wa Oyugis mwenye swali la hedhi iliyochelewa hamngoji mhudumu ambaye ni rafiki wa mama yake. Anaiuliza simu usiku, chini ya blanketi, na siku hizi anaiuliza akili unde, inayojibu kwa upole kwa Kiingereza safi. Siwezi kumlaumu. Usiri ndio utamu wa mashine, haina shangazi. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory na wenzao wa hapa walijaribu mjini Kisumu mchezo wa simu uitwao Tumaini, wakawapa watoto wa miaka 11 hadi 14 kwa siku 16. Walikuwa watoto 60 tu, nusu wakiucheza na nusu wakiwa wa kulinganishwa. Ndani ya mchezo mtoto anamchagulia mhusika njia, anaona mwisho wake, anarudi nyuma kuchagua tena. Waliocheza walijua zaidi na walijiamini zaidi. Nimeupenda kwa sababu unamruhusu mtoto kukosea bila kuumia, jambo ambalo ufuo wa ziwa, na mtindo wake wa jaboya, ngono kwa kubadilishana na samaki, haumruhusu.

Mchezo wa namna hiyo ungeweza kuwekwa kwenye zile tabuleti za shule za msingi, zilizoahidiwa zikiwa vipakatalishi mwaka wa 2013 na kuanza kufika 2016. Nilipotembelea shule moja, jina lake naliacha, nilizikuta kabatini, kufuli kubwa kuliko la ghala la mahindi. Mwalimu alisema zinaogopewa kuibwa. Zilikuwa salama kabisa.

Kisha Januari 2025 ikatufundisha somo ambalo hatukuliomba. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katika kliniki za kandokando ya ziwa wakarudishwa nyumbani watu ambao mishahara yao ilitoka huko: mama washauri, wanawake wanaoishi na virusi ambao kazi yao ilikuwa kukaa na mjamzito aliyepimwa leo na kumwambia, nami nilikalia kiti hicho, mwanangu yuko darasa la nne na hana virusi. Kompyuta zilibaki juu ya meza. Nilipita kliniki moja mwezi wa Machi nikaona benchi la mama washauri liko tupu, na juu yake wameweka katoni ya karatasi za printa.

Benchi lile ndilo ninalolisemea. Tulizoea kudhani mashine ni ghali na mwalimu ni bure, kwa kuwa mashine ilikuja na risiti na mwalimu alikuja na mfadhili. Mama mshauri hakuwa kwenye bajeti ya kaunti. Kanyakla haimo. Kijana wa kuelekeza kipanya hayumo. Muuguzi wa kumpigia simu aliyejibu "Shida" hayumo. Simu imo, kwa sababu simu hupigwa picha siku ya uzinduzi.

Kaunti zina uwezo wa kubadilisha haya bila kungoja Washington wala Nairobi. Wahudumu wapo, simu wanazo. Kinachotakiwa ni safu moja zaidi kwenye programu, ya kuandika swali ambalo mama ameuliza, kwa lugha aliyoliulizia. Muuguzi wa kaunti wa kuyasoma kila wiki na kurekodi majibu kwa sauti, dakika mbili mbili, kwa Dholuo, Kikuria na Kisuba. Na radio za kwetu kuyarusha. Swali la meno lingekuwa la kwanza, na bila shaka lingetoka vijiji mia kwa wiki moja. Ongeza malipo ya mama mshauri kwa kila kituo cha afya. Haya hayahitaji kontena bandarini.

Kila mwaka kaunti hupeleka makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kabla ya Aprili kuisha, wananchi huitwa kutoa maoni, na bajeti hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Vikao hivyo hujaa wazee watatu na karani. Wewe unayesoma haya ukiwa Rongo, Awendo, Mbita au Kendu Bay, safari hii nenda. Tafuta ukurasa wa afya, uliza ni shilingi ngapi zimewekwa za kununua vifaa na ni ngapi za kumlipa anayefundisha, na uliza kwa lugha ya mama yako, ili wajibu kwa lugha hiyohiyo.